Mafuta, Mbegu na Dhiki za Moyo: Ipi ni Sunna na Ipi ni Biashara?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa zake, akaotesha katika ardhi miti na majani, kila kimoja kwa harufu yake na nguvu yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu wengi wanaohudhuria darsa wametuuliza juu ya jambo moja, na kwa kuwa suala hili limekaririka, tumeona afadhali tulijibu humu kwa urefu. Wanauliza juu ya zile chupa ndogo ndogo za mafuta zinazouzwa nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa, na madukani, na siku hizi hata kwa simu: mafuta ya habba sauda, ya zaituni, ya karafuu, ya mkaratusi, ya lavenda, na michanganyiko isiyotajwa kilichomo ndani yake. Juu ya chupa pameandikwa "Dawa ya Mtume" au "Tiba ya Sunna", na chini yake yamepangwa maradhi: sukari, shinikizo la damu, pumu, saratani, utasa, kukosa usingizi, wasiwasi, huzuni, hasadi na jini. Wanauliza: je, kununua mafuta haya ni kufuata Sunna? Na asiyeyatumia, amekataa Hadithi?

Wako waliokwisha kutoa jawabu kwa haraka, nao ni makundi mawili. Kundi la kwanza linasema kwamba mwenye imani ya kweli hana haja ya hospitali, kwani habba sauda inamtosha. Kundi la pili, na miongoni mwao wamo vijana wetu waliosoma, hucheka wakisikia jina la asali au ubani, wakadhani kwamba kila kilichokuwa katika kibweta cha bibi ni ushirikina. Hawa na wale wote wamesema bila ya kutazama.

Mtume (S.A.W.) aliulizwa na Mabedui kama wajitibu, akawaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja tu, nao ni uzee. Na katika Hadithi ya Jabir (R.A.) iliyomo katika Sahihi Muslim, imekuja sharti ambalo wauzaji hawalisomi: kwamba mgonjwa hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu pale dawa inapousibu ugonjwa. Maana yake ni kuwa dawa na ugonjwa lazima vilingane. Basi mtu atajuaje kwamba vimelingana ikiwa ugonjwa wenyewe hajaujua? Aumwaye na kichwa anaweza kuwa ana homa ya malaria, au shinikizo la damu, au macho yake yanataka miwani, au ana deni asilojua atalilipaje. Chupa ni moja, nayo haiulizi.

Na tazameni jinsi alivyofanya Mtume mwenyewe. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume alikwenda kumtazama, akaweka mkono wake mtukufu kifuani pake, kisha akamwambia aende kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa ni mtu ajuaye utabibu. Habari hii imepokewa na Abu Daud. Na huyo Harith, wanavyuoni wamekhitalifiana hata kama alisilimu. Aliyekuwa akiteremshiwa Wahyi alimpeleka Sahaba wake kwa mwenye ujuzi, nasi tunamzuia mgonjwa wetu asende kwa daktari, tukisema kwamba tunamfuata yeye!

Sasa tuje kwenye habba sauda, maana ndiyo hoja yao kubwa. Hadithi yake ni sahihi, wala hatuna ruhusa ya kuiondoa mahali pake. Imo katika Bukhari na Muslim kwamba ndani ya mbegu hiyo mna shifaa ya kila ugonjwa ila mauti. Lakini neno "kila" katika lugha ya Kiarabu, kama katika lugha yetu, huja likakusudiwa baadhi. Mwenyezi Mungu ametupa habari katika Sura ya Al-Ahqaf ya upepo uliowaangamiza watu wa Adi, kwamba uliharibu kila kitu. Na katika aya hiyo hiyo tunaelezwa kwamba kulipopambazuka yalionekana maskani yao. Basi nyumba hazikuingia katika ile "kila". Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye kitabu chake juu ya tiba ya Mtume ndicho kinachotajwa sana na hawa wauzaji, ameifasiri Hadithi ya habba sauda kwa mfano wa aya hii hii. Na kabla yake Al-Khattabi alikwisha kusema kwamba ni neno la jumla lililokusudiwa mambo makhsusi, yaani maradhi yanayofaana na tabia ya mbegu ile. Huu si ufasiri wa wakoloni wala wa madaktari wa leo. Ni maneno ya maimamu wetu, yaliyosemwa karne nyingi kabla ya hospitali hizi kujengwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa asali. Katika Sura ya An-Nahl imesemwa kwamba katika kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki mna shifaa kwa watu. Haikusemwa kwamba mna shifaa zote. Na yule mtu aliyemlalamikia Mtume kwamba nduguye anaharisha, akaamrishwa amnyweshe asali, akarudi tena na tena mpaka nduguye akapona: wanavyuoni wametoa katika kisa hiki faida kubwa, kwamba dawa ina kipimo, na ikipungua kipimo haifanyi kazi, na ikizidi inadhuru. Muuzaji wa chupa atakwambia kipimo gani? "Kijiko, asubuhi na jioni," basi; mtoto wa miaka miwili na mzee wa miaka themanini wote ni kijiko.

Hapa pana mjadala wa zamani ambao msomaji anastahili kuujua. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, amesema kwamba tiba iliyopokewa kwa Mtume ilikuwa ni katika ada za Waarabu, si katika Wahyi, kwani Mtume alitumwa kutufundisha sheria, hakutumwa kutufundisha utabibu. Akatoa ushahidi wa kisa cha kupandikiza mitende. Ibnul Qayyim hakubaliani na rai hiyo. Sisi hatutaki kuwaamua majabali hawa wawili, lakini ukitazama utaona kwamba wote wawili wanakutana mahali pamoja: hapana hata mmoja wao aliyesema kwamba mgonjwa aachiliwe bila ya tabibu.

Basi je, mafuta haya hayana kheri? Yana kheri nyingi, na hapa nina neno na wale wanaocheka. Mafuta ya karafuu, ambayo wazee wetu huyatia katika pamba na kuyaweka penye jino linalouma, yamo dawa iitwayo yujinoli inayotia ganzi na kuua vijidudu. Na mpaka leo madaktari wa meno huichanganya katika dawa ya kuzibia jino. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hasa cha mama mja mzito, na jina lake limetajwa katika Sura ya Al-Insan katika vinywaji vya Peponi, kama lilivyotajwa jina la kafuri. Habba sauda yenyewe imechunguzwa sana katika miaka hii, na imeonekana kwamba huenda ikashusha kidogo sukari na shinikizo la damu, ingawa majaribio yaliyofanywa kwa watu ni madogo. Harufu ya lavenda imejaribiwa kwa watu wenye fadhaa, na baadhi yao wamepata nafuu kidogo. Wala msidhani kwamba dawa za hospitali zimetoka mbinguni: dawa bora ya malaria tunayopewa leo ilitolewa katika mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale, na Tu Youyou, mwanamke aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini angalieni alifanya nini. Hakuuza majani kwa kusifu. Aliyachemsha, yakakataa, akarudi kuvisoma vitabu vya kale, akajaribu kuyakamua kwa baridi, akayajaribu kwa wanyama, akayanywa yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa.

Na si kila kilichomo katika chupa zile ni cha Sunna hata kwa jina. Mkaratusi ni mti wa Australia, ulioletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ili upatikane ukuni wa gari la moshi. Ni mti mzuri, na mvuke wa majani yake hufungua pua iliyoziba. Lakini mtu akiandika "Sunna" juu ya mafuta yake, amemzulia Mtume jambo, na sote tunaijua adhabu aliyoahidiwa mwenye kumzulia Mtume kwa makusudi.

Ama juu ya harufu nzuri na utulivu wa moyo, hili ni jambo ambalo dini yetu imelipa nafasi pana kuliko wanavyodhani watu wengi. Mtume (S.A.W.) alikuwa harudishi manukato akipewa, na alikataza kukataa rehani, kwa kuwa ni nyepesi kuichukua na ni nzuri harufu yake. Mababu zetu wa pwani hii waliyafahamu haya. Mgeni hurashiwa marashi, nyumba hufukizwa udi, bibi harusi husingwa kwa singo, na kikuba cha asumini na rehani hutiwa nyweleni, bila ya mtu kuhitaji kuambiwa kwamba ni dawa. Mwenye kuchoka na kazi akikandwa mabega kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa tone mbili za karafuu, akanywa mchaichai, akalala mapema, amefanya jambo la halali na la busara, na akinuia kuupa mwili haki yake, tunamtarajia thawabu. Na Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akifiwa na jamaa yake, na wanawake waliokusanyika wakisha tawanyika, huamrisha ipikwe talbina, nayo ni uji mwepesi wa shairi, awape waliobaki, kwani alimsikia Mtume akisema kwamba uji huo huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Tazameni lile neno "sehemu". Mtume hakuahidi kwamba uji utaiondoa huzuni yote.

Na hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu wasimame, kwani hapa ndipo watu wanapoumia. Dhiki ya moyo, ambayo siku hizi huitwa msongo wa mawazo, imekuwa ndiyo soko kubwa la chupa hizi. Mtu halali usiku, moyo unampiga, chakula hakishuki, hana hamu ya kazi wala ya wanawe. Akiwaambia watu wake, huambiwa maneno mawili: ama imani yako ndogo, ama una jini. Kisha huuziwa mafuta.

Ati imani ndogo! Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika juu ya mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii mwana wa Nabii. Mama yake Nabii Musa, baada ya kumtia mwanawe mtoni, moyo wake uliachwa mtupu, karibu afichue siri, lau si Mwenyezi Mungu kumtia nguvu. Na Bibi Maryam, aliyetakaswa na kuteuliwa juu ya wanawake wa walimwengu, uchungu wa uzazi ulipompeleka kwenye shina la mtende alitamani angalikuwa amekufa kabla ya hayo. Je, alikemewa? Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito chini yake, akaamrishwa alitikise shina limwangushie tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake liburudike. Alipewa maji, na chakula, na maneno ya upole, na akaambiwa asijibizane na watu siku ile. Mwanamke wetu akijifungua akawa analia kila siku na kusema maneno kama yale, tunampa nini? Tunamfungia mlango, tunamfukiza, tunamwita mtu amtoe pepo kwa bakora.

Ndugu zangu, ugonjwa wa huzuni baada ya uzazi ni ugonjwa unaojulikana, una tiba, na ukiachwa unaweza kumuua mama au mtoto wake. Mama anayesema anataka kufa, au anayesikia sauti zinazomwamrisha, apelekwe hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake na mtoto. Kumsomea Kur'ani njiani ni jambo zuri. Kumchelewesha mpaka Ijumaa ili apakwe mafuta ni dhulma.

Tena somo jingine tulichukue katika dua ambayo Mtume akiiomba sana, iliyomo katika Bukhari. Alijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, yaani wahka wa lijalo na majonzi ya lililopita, kisha akajikinga na udhaifu na uvivu, na uoga na ubakhili, kisha na uzito wa deni na kuonewa na watu. Mbona deni limetajwa pamoja na huzuni? Kwa sababu mara nyingi ndilo linaloizaa. Mtu aliyekopa kwa riba katika simu yake, na kila asubuhi anapigiwa kutishwa, usingizi wake hauwezi kurudishwa na lavenda. Mafuta hayalipi deni. Mke anayepigwa, kijana aliyefukuzwa kazi, mjane aliyedhulumiwa mirathi na mashemeji: hawa wanahitaji tuwapatanishe, tuwasimamie kwa kadhi, tuwape Zaka yao kamili. Ni rahisi kumpa jirani chupa ya shilingi mia tatu kuliko kumkalia kitako umsikilize. Dhikri hutuliza nyoyo, na hiyo ni ahadi ya Mwenyezi Mungu katika Sura ya Ar-Raad isiyo na shaka. Lakini mwenye njaa akishamaliza kumtaja Mola wake, jirani yake ana wajibu wa kumlisha.

Sasa tutaje madhara, maana wako wasemao kwamba vitu vya miti havidhuru. Sumu nyingi kali zatoka katika miti. Mafuta ya mkaratusi, kiasi kidogo tu akiyameza mtoto, humtia kifafa na kumpoteza fahamu. Kafuri ni hivyo hivyo. Mafuta ya karafuu yakinywewa na mtoto yanaweza kuliharibu ini lake. Mafuta ya mwarobaini, ambao wengine huuita mkilifi, yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Asali, pamoja na baraka zake, asipewe mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo changa haliwezi kukizuia, nacho humlegeza mtoto mpaka akashindwa kupumua. Na mafuta haya makali hayapakwi matupu. Hutiwa matone machache katika mafuta ya nazi au ya zaituni. Mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, watu wengi walijifukiza kwa masufuria ya maji ya moto, na wako watoto waliofikishwa hospitali si kwa Korona bali kwa kuungua.

Lakini dhara kubwa kuliko yote halimo ndani ya chupa. Ni kule kuacha. Mwenye sukari ya utotoni hana insulini mwilini mwake. Kabla ya dawa hiyo kupatikana Toronto mwaka 1921, mtoto wa namna hii alikuwa hufa, hana njia. Akiambiwa leo aache sindano atumie habba sauda, hurudi katika hali ya kabla ya 1921, kwa siku chache tu. Na mwenye vidonge vya sukari au vya shinikizo akiongeza habba sauda juu yake bila ya kumwambia daktari, anaweza kushuka kupita kiasi akaanguka. Basi amwambie. Daktari akicheka, atafute mwingine, wala asifiche.

Na nyinyi mnaouza, tunawaambia kwa nasaha: Mtume (S.A.W.) amehukumu, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai na Ibn Maja, kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa kilichoharibika. Mafakihi wakajenga juu ya hukumu hii mlango mzima wa dia. Usijitetee kesho kwa kusema kwamba ulikuwa ukiuza mafuta tu. Ulipoandika "saratani" juu ya chupa, ulikwisha kujifanya tabibu. Uza mafuta yako kwa jina lake, andika kilichomo, sema ni ya kupaka au ya kunusa, na chukua faida yako halali.

Akatokea mtu akauliza: na mafuta yaliyosomewa? Tunamjibu kwamba kuzinguliwa kwa Kur'ani na dua zilizothibiti ni jambo alilolikubali Mtume, maadamu hamna shirki ndani yake. Soma mwenyewe, juu ya mwanao na mkeo, kwa Alhamdu na Kul-huwallahu na Sura mbili za kujikinga. Hizo kila mmoja wetu anazihifadhi, wala hazina bei. Ama chupa iliyosomewa kiwandani, ya kuleta mume, ya kuvuta wateja dukani, ya kumnyamazisha mkwe, huo ni uganga ule ule wa zamani uliovishwa kanzu.

Wametuuliza pia wengine wafanye nini na chupa walizokwisha kununua. Ikiwa mafuta yana jina na unayajua, yaweke juu, mbali na mikono ya watoto, uyatumie kwa kupaka au kwa harufu. Ikiwa hujui kilichomo, usimpe mtu mwingine kwa kuona uchungu wa fedha yako, yamwage. Na ikiwa uliinunua kwa sababu hulali usiku, njoo baada ya sala ya Alasiri siku ya Jumamosi au Jumapili, au mama zetu waende kwa mwalimu wao wa darsa, tukae tuzungumze. Na likiwa ni jambo la daktari, mmoja wetu atakusindikiza.